Maswali ya Wasomaji: Kirsty Coventry na Medali Saba Alizozipata Peke Yake

Tangu wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, walipomchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa rais wao tarehe 20 Machi 2025, barua nyingi zinazoletwa katika safu hii zimekuwa zikiuliza habari zake. Wengi wamemfahamu kwa mara ya kwanza akiwa kiongozi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waogeleaji hodari kabisa duniani kwa muda wa miaka isiyopungua sita. Toleo hili ninalitenga kwa ajili ya maswali hayo.

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu waliposikia kwamba rais wa Olimpiki ni mwanamke kutoka Afrika, walianza kuniuliza alikuwa mchezaji wa mchezo gani na alifikaje huko. Nimewaambia kwamba alikuwa mwogeleaji, lakini zaidi ya hapo sina la kuwaeleza. Naomba unisaidie tangu mwanzo. — Mwalimu wa michezo, Morogoro

Mwalimu, wanafunzi wako wamekuuliza jambo la maana, na historia yenyewe ina hatua zinazofuatana vizuri, kwa hiyo hawatapata shida kuikumbuka.

Kirsty Coventry alizaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983, miaka mitatu baada ya Zimbabwe kupata uhuru. Nchi yake haina pwani, hivyo alijifunza kuogelea katika mabwawa tangu akiwa mtoto mdogo, na alisoma sekondari katika shule ya wasichana ya Dominican Convent mjini humo. Alikuwa bado mwanafunzi wa shule hiyo alipokwenda Sydney kushiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, ambako alitimiza miaka 17 siku moja tu baada ya sherehe za ufunguzi. Hakurudi na medali. Hata hivyo, alikuwa mwogeleaji wa kwanza wa Zimbabwe kufika nusu fainali ya Olimpiki, na jambo hilo lilitosha kuwaonyesha makocha wa nje kwamba Harare kulikuwa na msichana anayestahili kufuatiliwa.

Mwaka 2002, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Manchester, alipata dhahabu ya mita 200 za mtindo mchanganyiko, yaani shindano ambalo mwogeleaji mmoja hupita mitindo yote minne kwa zamu: kipepeo, mgongo, chura na mtindo huru. Ushindi huo ulikuwa na bahati yake, kwa sababu Zimbabwe ilijitoa katika Jumuiya ya Madola mwishoni mwa mwaka 2003, na kuanzia hapo mlango wa mashindano hayo ukafungwa kwake katika miaka yake yote bora.

Wakati huo alikuwa amekwisha kujiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ambako timu ya kuogelea ilikuwa chini ya kocha David Marsh na Kim Brackin. Huko alijikuta katikati ya wasichana waliokuwa wakishindania ubingwa wa vyuo vya Marekani, na mazoezi ya kila siku yalikuwa magumu kuliko mashindano mengi aliyokuwa amewahi kuyaona nyumbani. Matunda yalionekana Athens mwaka 2004. Alipata dhahabu katika mita 200 za mgongo kwa muda wa dakika 2:09.19, fedha katika mita 100 za mgongo nyuma ya Natalie Coughlin wa Marekani, na shaba katika mita 200 za mtindo mchanganyiko. Waeleze wanafunzi wako kwamba kabla ya siku hizo Zimbabwe ilikuwa imepata medali moja tu ya Olimpiki tangu uhuru, nayo ilikuwa dhahabu ya timu ya wanawake ya mpira wa magongo huko Moscow mwaka 1980. Msichana wa miaka ishirini aliongeza tatu kwa safari moja.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia ya Montreal, alithibitisha kwamba Athens haikuwa ajali: alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 na mita 200 za mgongo, akaongeza fedha mbili za mtindo mchanganyiko. Baadaye alimfuata kocha Brackin hadi Austin, Texas, na huko ndiko alikojiandaa kwa ajili ya Beijing, ambayo msomaji anayefuata ameiulizia.

Shikamoo Mhariri. Nilisoma kwamba mwaka 2008 Kirsty alivunja rekodi ya dunia katika nusu fainali, halafu siku iliyofuata akashindwa fainali. Je, hilo linawezekanaje? Je, alichoka au aliogopa? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Linawezekana, na ili kulielewa inafaa tuitazame wiki yote ya Beijing, kwa sababu kwa maoni yangu hiyo ndiyo wiki iliyomweleza Kirsty Coventry kuliko nyingine yoyote, na medali zake za fedha za wiki hiyo zina uzito ambao jedwali la medali haliwezi kuuonyesha.

Alijiandikisha katika mashindano manne. Tarehe 10 Agosti ilikuwa fainali ya mita 400 za mtindo mchanganyiko. Hadi asubuhi hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kumaliza umbali huo chini ya dakika 4 na nusu. Stephanie Rice wa Australia alimaliza kwa 4:29.45, na Coventry akagusa ukuta kwa 4:29.89. Wote wawili walivuka mpaka ambao haukuwahi kuvukwa, na wa pili akapewa fedha.

Tarehe 11 alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 za mgongo katika nusu fainali kwa sekunde 58.77. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Coughlin, yule yule aliyemshinda Athens. Siku iliyofuata Coughlin alishinda fainali kwa sekunde 58.96, na Coventry akawa wa pili kwa 59.19. Ukiangalia tarakimu hizo kwa makini, utaona kwamba mshindi wa dhahabu hakuifikia ile rekodi ya jana yake. Muda wa nusu fainali huingia katika kitabu cha rekodi, ila hauhesabiwi katika fainali. Kila mtu huanza upya kutoka sifuri, na anayegusa ukuta kwanza asubuhi ile ndiye bingwa. Tofauti ya sekunde 0.42 kati ya Coventry wa jana na Coventry wa leo inaweza kutokana na kuanza kwa kuchelewa kidogo, au kugeuka ukutani bila kupata msukumo kamili, na katika mita 100 hakuna nafasi ya kufidia kosa.

Kuhusu uchovu, mimi sikuwamo mwilini mwake, lakini ratiba inasema mengi. Asubuhi ile ile ya fainali ya mita 100 alikuwa pia na nusu fainali ya mita 200 za mtindo mchanganyiko. Tarehe 13 ikafika fainali yake: Rice 2:08.45, Coventry 2:08.59. Walitofautiana kwa sekunde 0.14, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na Coventry alikuwa chini ya rekodi ya dunia iliyokuwapo kabla ya fainali hiyo kuanza. Fedha ya tatu.

Jiulize sasa ungekuwa na hali gani. Mara mbili katika wiki moja umeogelea kwa kasi ambayo mwanamke mwingine yeyote aliyeishi kabla ya wiki hiyo hakuifikia, na mara zote mbili mtu mmoja akawa mbele yako kwa kiasi kisichofika nusu sekunde. Katikati ya hapo ukavunja rekodi ya dunia na bado dhahabu ukaikosa. Tarehe 16 Agosti alikuwa amebakiza shindano moja, mita 200 za mgongo, ambalo alikuwa akilitetea tangu Athens. Alishinda kwa 2:05.24, rekodi mpya ya dunia, akimwacha Margaret Hoelzer wa Marekani, mwenzake wa zamani wa Auburn, kwa karibu sekunde nzima. Kati ya tarehe 9 na 16 aliogelea mara 11, ukihesabu michujo, nusu fainali na fainali. Kwa hiyo, mwanangu, sidhani kwamba mtu aliyeogopa angeweza kuimaliza wiki namna hiyo.

Ndugu Mhariri, naona watu wanamsifu sana kwa medali saba. Mbona Michael Phelps ana medali 28? Hizo saba zina ajabu gani? — Msomaji, Kigoma

Ajabu yake iko katika namna zilivyopatikana. Katika kuogelea, nchi kubwa hupata medali kwa njia mbili: mashindano ya mtu mmoja mmoja, na yale ya kupokezana ambamo waogeleaji wanne wa nchi moja huunda timu. Phelps ni bingwa asiye na mfano, na hakuna anayepunguza sifa zake, lakini kati ya dhahabu zake 23 za Olimpiki, 10 ni za kupokezana. Hata katika zile dhahabu nane maarufu alizozipata Beijing, tatu alizipata pamoja na wenzake.

Coventry hakuwa na wenzake watatu. Katika Olimpiki za Athens na Beijing Zimbabwe haikuwa na timu ya wanawake ya kupokezana, kwa hiyo kila medali aliyoileta Harare ilitoka katika mikono na miguu yake mwenyewe. Medali zote saba, yaani dhahabu mbili, fedha nne na shaba moja, ni za mtu mmoja mmoja. Alipomaliza Beijing alikuwa amefikia idadi ya Krisztina Egerszegi wa Hungary, ambaye kabla yake hakukuwa na mwogeleaji wa kike aliyekuwa na medali nyingi za binafsi za Olimpiki kuliko yeye. Wawili hao walibaki kileleni kwa miaka mingi hadi Katie Ledecky wa Marekani alipowapita.

Jina la Egerszegi linarudi mahali pengine pia. Rekodi yake ya mita 200 za mgongo, dakika 2:06.62, aliiweka mwaka 1991 na ikadumu zaidi ya miaka 16, wasichana wa vizazi viwili wakiikimbiza bila kuifikia. Aliyeivunja ni Coventry, Februari 2008, katika jimbo la Missouri, kwa 2:06.39.

Ongeza na hili: hadi kumalizika kwa Olimpiki ya Paris 2024, Zimbabwe ilikuwa na medali nane za Olimpiki katika historia yake yote. Moja ni ile ya magongo ya mwaka 1980. Saba zilizobaki ni za Kirsty Coventry. Hakuna Mwafrika mwingine, wa riadha au wa mchezo wowote, aliyefikisha idadi hiyo.

Assalamu alaykum. Watoto wetu wa Unguja na Pemba wanazaliwa na bahari mlangoni. Vipi basi bingwa wa kuogelea atoke nchi isiyo na bahari, na sisi tusiwe naye? — Mzee wa Mkokotoni, Zanzibar

Wa alaykum salaam, Mzee wangu. Kuogelea kwa mashindano ni kazi ya bwawa, na bwawa lina sheria zake. Mtoto wa pwani anajua kuyasoma maji, mkondo na mawimbi, ana pumzi na hana woga, na hizo ni neema kubwa. Lakini shindano la mita 200 katika bwawa la Olimpiki lina kuta tatu za kugeukia na moja ya kumalizia, na ushindi mara nyingi hupatikana hapo ukutani.

Chukua mtindo wa mgongo aliokuwa bingwa wake. Waogeleaji hawaruki kutoka juu. Huanza wakiwa ndani ya maji, wameshika vishikizo vya jukwaa na miguu imebanwa ukutani, na mlio unaposikika hujirusha kinyumenyume. Baada ya hapo wanaruhusiwa kwenda chini ya maji kwa umbali usiozidi mita 15, wakisukumwa na mapigo ya miguu yote miwili kwa pamoja, kwa sababu chini ya maji mwili hukutana na ukinzani mdogo kuliko juu. Hawaoni wanakokwenda. Mita tano kabla ya ukuta kumetundikwa bendera ndogo juu ya bwawa, na mwogeleaji akiziona anajua ni mapigo mangapi ya mikono yamebaki kabla ya kugeuka. Hesabu hiyo hurudiwa mazoezini maelfu ya mara hadi mwili uijue wenyewe. Bahari haina ukuta wala bendera, na ndiyo maana hodari wa baharini, akiingia bwawani bila mafunzo, hupoteza sekunde nyingi ambazo nguvu zake haziwezi kuzirudisha.

Kinachokosekana Visiwani, kwa jinsi ninavyoona, ni bwawa la kipimo, saa na kocha. Vipaji vipo.

Mhariri, binti yangu ana miaka 11 na anaogelea katika klabu hapa Nairobi. Kocha wake anasema akitaka kufika mbali itabidi siku moja aende Marekani kama Kirsty na Jason Dunford. Kweli hakuna njia nyingine? Naogopa kumpoteza mtoto. — Mama wa watoto wawili, Nairobi

Mama, hofu yako ninaielewa, na nitakujibu bila kukupamba.

Kocha amekupa mifano miwili ya kweli. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea katika Chuo Kikuu cha Stanford. Katika Olimpiki ya Beijing, kwenye mchujo wa mita 100 za kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14, ambayo Milorad Čavić wa Serbia aliivunja dakika chache baadaye katika mchujo mwingine, na kisha Dunford akamaliza wa tano katika fainali ambayo Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Miaka miwili baadaye, huko Delhi, aliiletea Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 za kipepeo. Yeye na Coventry wote walipitia vyuo vya Marekani, na sababu yake inaeleweka: vyuo hivyo huwapa waogeleaji hodari ufadhili wa masomo, huwapa makocha wa kudumu, bwawa lililo wazi alfajiri na jioni, na zaidi ya yote huwapa wapinzani wa kila siku. Coventry alifanya mazoezi pamoja na Hoelzer, mtu ambaye baadaye alisimama naye kwenye jukwaa la Olimpiki. Harare isingeweza kumpa mpinzani kama huyo, na Nairobi ya leo nayo bado haiwezi kwa urahisi.

Lakini hebu tutazame alikwenda lini. Hakwenda akiwa na miaka 11, wala 14. Aliondoka baada ya kumaliza sekondari, akiwa tayari amekwisha kuogelea Olimpiki moja kutoka nyumbani. Msingi wote, yaani mitindo minne, nidhamu ya kuamka mapema, uzoefu wa kusafiri na kushindwa na kurudi mazoezini, aliupata Zimbabwe, akilala nyumbani kwao. Vyuo vya Marekani vilimwongezea kasi, nao ni watu wa nyumbani waliomwandaa kuipokea.

Kwa hiyo uamuzi unaokusumbua usiuchukue sasa. Umri wa binti yako ni wa kujifunza mitindo yote kwa usahihi bila kumfunga katika mmoja. Tazama jinsi mtindo mchanganyiko ulivyompa Coventry medali tatu kati ya saba. Mwulize kocha kama mtoto anapata nafasi ya kuogelea katika bwawa la mita 50, kama lile la Kasarani, au anafanya mazoezi katika bwawa fupi peke yake, kwa maana katika bwawa fupi mtoto hugeuka mara nyingi na kupumzika kidogo kila anaposukuma ukuta, na anapokwenda kwenye bwawa refu hujikuta akikosa pumzi katikati. Simamia masomo yake kwa ukali ule ule unaosimamia mazoezi, kwa kuwa chuo kinachompa ufadhili kitaangalia vyeti vyake kabla hakijaangalia muda wake. Akifika miaka 17, yeye mwenyewe atakuwa na sauti katika jambo hili, na huenda wakati huo akawa amekwisha kukutayarisha wewe zaidi ya unavyomtayarisha yeye.

Mhariri, samahani kwa swali hili, lakini vijiweni linazungumzwa. Kirsty ni mzungu. Je, ni haki kusema kwamba Afrika imepata bingwa? — Msomaji, Dar es Salaam

Huna haja ya kuomba samahani, kwa sababu swali lako lina mambo mawili ndani yake, na yote mawili yanastahili kujibiwa kwa uwazi.

La kwanza ni uraia na moyo. Alizaliwa Harare, alisoma Harare, na kwa Olimpiki tano, tangu Sydney 2000 hadi Rio 2016, aliogelea chini ya bendera ya Zimbabwe, hata katika miaka ambayo nchi ilikuwa katika dhiki kubwa. Athens ilikuja wakati ugomvi wa ardhi kati ya serikali na wakulima wa kizungu ukiwa bado mbichi. Beijing ilikuja mwaka 2008, mwaka wa uchaguzi uliomwaga damu na wa mfumuko wa bei uliozifanya noti zisiwe na thamani. Angeweza kuhamia timu nyingine, kama wengi walivyofanya katika michezo mbalimbali. Hakuhama. Na wananchi wa kawaida wa Harare, weusi kwa weupe, walimpokea uwanja wa ndege kwa ngoma na shangwe, na Rais Robert Mugabe, ambaye serikali yake ilikuwa ikipambana na wakulima wa kizungu, alimkabidhi dola 100,000 na kumwita mtoto wa dhahabu. Wazimbabwe walikwisha kulijibu swali lako wenyewe.

La pili ni gumu zaidi, na hapo ninakubaliana na hao wa vijiweni. Katika nchi zilizotawaliwa na walowezi, mabwawa yalijengwa katika vitongoji na shule za wazungu, na mtoto mweusi aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1983 katika mtaa wa Mbare hakuwa na njia aliyokuwa nayo Kirsty. Kulisema hilo hakumwondolei sifa. Mwogeleaji wa kwanza mweusi kuiwakilisha Zimbabwe katika Olimpiki alipatikana Tokyo, katika Michezo ya 2020 iliyofanyika 2021: ni Donata Katai, aliyekuwa na miaka 17, na shindano aliloingia lilikuwa mita 100 za mgongo, lile lile lililomfikisha Coventry nusu fainali Sydney akiwa na umri huo huo. Miaka arobaini na moja ilipita kati ya uhuru na siku hiyo. Ndiyo tarakimu ninayotamani mawaziri wa michezo wa nchi zetu waikumbuke wanapopanga bajeti.

Je, aliacha kuogelea kwa sababu alishuka kiwango? — Msomaji, Arusha

Alishuka, kama wote wanavyoshuka. Mwaka 2009, mjini Rome, alikuwa tena bingwa wa dunia wa mita 200 za mgongo kwa rekodi ya 2:04.81. Huo ulikuwa mwaka wa yale mavazi ya plastiki yaliyomwinua mwogeleaji juu ya maji na kuzifanya rekodi zianguke kila siku, hadi yakapigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Kwa sababu hiyo mimi huithamini zaidi ile dhahabu ya Beijing kuliko rekodi ya Rome. Rekodi hiyo ilivunjwa na Missy Franklin, msichana wa Marekani wa miaka 17, katika Olimpiki ya London 2012. Coventry alikuwa wa sita katika fainali hiyo, na wa sita tena Rio mwaka 2016, akiwa karibu kutimiza miaka 33. Kufika fainali ya Olimpiki katika shindano lile lile mara nne mfululizo, 2004, 2008, 2012 na 2016, ni jambo ambalo mabingwa wengi wa dhahabu hawakuliweza. Baada ya Rio alistaafu.

Ndugu Mhariri, tuelezee alivyotoka bwawani hadi kwenye kiti cha urais. Je, ni ushindi wa michezo au wa siasa? — Msomaji, Muscat

Ni vyote viwili. Mwaka 2012, wakati wa Michezo ya London, wanamichezo wenzake walimpigia kura aingie katika Kamisheni ya Wanamichezo ya IOC, na baadaye alikuwa mwenyekiti wake kuanzia 2018 hadi 2021. Kwa hiyo alianza kujifunza mambo ya uongozi angali akishindana.

Septemba 2018 Rais Emmerson Mnangagwa alimteua kuwa waziri wa vijana na michezo. Kipindi hicho hakikuwa chepesi. Februari 2022 FIFA iliifungia Zimbabwe kwa sababu baraza la michezo la serikali lilikuwa limewasimamisha viongozi wa chama cha soka, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Julai 2023. Serikali ilisema ilikuwa ikipambana na uchafu ndani ya chama, FIFA ikasema serikali imeingilia, na waliolipa gharama ni wachezaji waliokosa mashindano. Wanaomkosoa Coventry huanzia hapo, na nadhani wana haki ya kuanzia hapo, kwa kuwa waziri hubeba jukumu la yanayotokea chini yake.

Uchaguzi wa Machi 2025 ulifanyika Costa Navarino, Ugiriki, nchi ile ile alikopata dhahabu yake ya kwanza. Wagombea walikuwa saba, akiwamo Sebastian Coe wa Uingereza, bingwa wa zamani wa mita 1,500, na Juan Antonio Samaranch, mtoto wa rais wa zamani wa IOC. Wengi walitarajia duru kadhaa za kura. Coventry alipata kura 49 kati ya 97 katika duru ya kwanza, idadi kamili aliyoihitaji bila hata moja ya ziada, na Samaranch aliyemfuata akapata 28. Akiwa na miaka 41 alikuwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kushika nafasi hiyo, naye akapokea ofisi kutoka kwa Thomas Bach tarehe 23 Juni 2025 kwa muhula wa miaka minane.

Katika muhula huo kuna mambo mawili ambayo ningewaomba wapenzi wa kuogelea wayafuatilie. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya 2026 imepangwa kufanyika Dakar, Senegal, na itakuwa mara ya kwanza kwa mashindano yoyote ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Na kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 yataongezwa mashindano ya mita 50 za mgongo, chura na kipepeo. Umbali huo unategemea mwanzo mzuri na mita chache za chini ya maji, na ni umbali ambao Dunford alikuwa bingwa wake wa Jumuiya ya Madola wakati Olimpiki ilipokuwa haiutambui. Waogeleaji wa nchi ndogo, ambao hawana timu za kupokezana wala kambi za mwaka mzima, wameongezewa milango mitatu ya kuingilia, na vyama vya kuogelea vya Kenya, Tanzania na Uganda vina muda mfupi tu wa kuamua ni nani watakaomwandaa kwa kila mmoja.